Chumvi Inayobaki: Kemia ya Njia ya Kilosa na Mikumi

Juisi ya muwa uliokamuliwa sasa hivi ni tamu kiasi kwamba ulimi haupati nafasi ya kugundua kuwa ni asidi. Kipimo hakidanganyiki. Kwa kawaida pH yake huwa kati ya 5 na 5.5, chini ya 7 ya maji safi, na huzidi kushuka kadiri muwa unavyokaa baada ya kukatwa, kwa sababu bakteria huanza kuila sukari na kuacha asidi mahali pake. Ndiyo maana malori na matrekta ya miwa yanayoelekea kinu cha Ruembe, upande wa Kilosa wa Mto Ruaha Mkuu, hayatakiwi kuchelewa njiani. Mkulima ambaye mzigo wake umelala foleni anapoteza sukari aliyoihangaikia msimu mzima, na anaipoteza bila kuiona, kwa mmenyuko unaoendelea kimyakimya ndani ya bua.

Ruembe ni mali ya Kampuni ya Sukari Kilombero, ambayo kinu chake cha kwanza, Msolwa, kilijengwa ng'ambo ya pili ya mto mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ruembe chenyewe kilifuata katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1998 serikali iliibinafsisha kampuni na kubaki na robo ya hisa. Anayetoka Mikumi kwa njia ya Kidatu huiona miwa muda mrefu kabla hajaona bomba la moshi la kiwanda, na msimu wa uvunaji huinusa pia.

Dawa ya asidi ya juisi ni chokaa. Mawe ya chokaa, ambayo kikemia ni kalsiamu kaboneti, yakichomwa kwenye tanuri la nyuzi 900 hivi hutoa kabonidayoksaidi na kuacha kalsiamu oksaidi. Hiyo ikimwagiwa maji hufoka na kuchemka yenyewe bila moto, kisha hutulia ikawa chokaa laini ambayo kila mpaka nyumba anaijua. Kiwandani hukorogwa na maji na kutiwa ndani ya juisi mpaka pH ifike 7 au juu yake kidogo, huku juisi ikipashwa moto hadi kiwango cha kuchemka. Hapo kalsiamu ya chokaa hukutana na fosfeti iliyomo ndani ya muwa tangu shambani, na vikishikana hutengeneza kalsiamu fosfeti, chumvi isiyoyeyuka. Inajikusanya kama mabonge mepesi, inanasa udongo, nta na nyuzi, inazama navyo chini ya tangi. Juu hubaki juisi angavu. Tope la chini huchujwa na kurudishwa mashambani kama mbolea.

Wingi wa chokaa ndio mtihani. Ikipungua, asidi huivunja sukari ya muwa kuwa glukosi na fruktosi, ambazo hazitaki kugeuka chembe na huishia kwenye molasi. Ikizidi, glukosi hiyohiyo huharibika na kuikoleza juisi rangi ya hudhurungi, na kalsiamu isiyopata mwenzake husafiri na juisi hadi kwenye mitambo ya kuvukiza maji. Huko hujijenga kwenye kuta za mabomba, tabaka juu ya tabaka, mpaka joto la mvuke linashindwa kupenya. Siku ya usafi mabomba hayo huoshwa kwa kostiki soda, na mara nyingine kwa asidi, kwa kuwa magamba yenyewe ni mchanganyiko wa chumvi na kila moja ina dawa yake.

Kwa hiyo mmenyuko mmoja, asidi na chokaa, unazaa chumvi inayosafisha sukari na chumvi inayoziba mabomba. Mwanafunzi wa kidato cha tatu Kilosa ameufunga mmenyuko huo kwenye kanuni fupi: asidi ukijumlisha besi unapata chumvi na maji. Ameikariri, na mtihani ukija ataandika. Kasoro ya namna kanuni hiyo inavyofundishwa ni kwamba chumvi huonekana kama mabaki tu, kitu cha kuandika upande wa kulia wa mshale kisha kusahaulika. Ukifuata njia ya vumbi na lami kutoka Kilosa mjini, kupitia kata ya Ulaya, hadi Mikumi kwenye barabara kuu ya Zambia, utakuta kinyume chake. Karibu kila mahali kinachoamua kama jambo limefaulu au limeharibika ni hiyo chumvi iliyobaki.

Kwanza, neno hilo ni pana kuliko kopo la jikoni. Chumvi ya mezani ni sodiamu kloraidi. Magadi ya kulainishia maharage ni chumvi ya sodiamu na kaboneti. Mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wakulima huyatumia dhidi ya ukungu wa mimea, ni salfeti ya shaba. Shabu ya kutulizia maji machafu ni salfeti yenye alumini na potasiamu. Jipsamu ya dari ni salfeti ya kalsiamu. Zote zimeundwa kwa mtindo mmoja: sehemu yenye chaji chanya iliyotoka kwenye metali au amonia, na sehemu yenye chaji hasi iliyotoka kwenye asidi. Zikiyeyuka majini sehemu hizo huachana na kuogelea kila moja kivyake. Hizo ndizo ioni.

Maduka ya pembejeo ya Kilosa, Kimamba na Rudewa nayo yamejaa chumvi, ingawa hakuna anayeziita hivyo. Mfuko wa SA ni salfeti ya amonia. CAN ni naitreti ya amonia iliyochanganywa na mawe ya chokaa yaliyosagwa, yasiyochomwa. DAP ni fosfeti ya amonia. (Yuria peke yake haimo kwenye ukoo huu, haina ioni, ingawa udongoni vimeng'enya huigeuza kuwa amonia.) Mahindi hayafyonzi unga wa mfuko, yanafyonza ioni, na ioni hazipatikani mpaka chumvi iyeyuke. Mvua ikichelewa baada ya kuweka mbolea, mkulima husema mbolea haijafanya kazi. Amesema kweli kuliko anavyodhani.

Wakulima wengi hulalamika kwamba mbolea za viwandani zinachosha udongo. Malalamiko hayo hutupwa haraka kama hofu isiyo na msingi, lakini ndani yake mna kemia halali. Bakteria wa udongoni wanapoigeuza amonia ya SA kuwa naitreti, huachilia ioni za hidrojeni, na ioni za hidrojeni ndizo asidi yenyewe. SA ikitumika mwaka hadi mwaka kwenye shamba lilelile bila kitu cha kuisawazisha, pH hushuka. Udongo ukiwa na asidi kali, alumini huanza kuyeyuka na kuumiza mizizi. Kazi ya kupima mambo ya namna hii kwa mazao ya ukanda huu iko mlangoni: kituo cha TARI Ilonga, kilicho karibu na Kilosa mjini, ni miongoni mwa vituo vikongwe vya utafiti wa kilimo nchini.

Asidi hiyohiyo ya udongo kuna mahali inageuka msaada. Mwamba wa fosfeti wa Minjingu, mkoani Manyara, hauyeyuki kirahisi majini. Ukisagwa na kuwekwa kwenye udongo usio na asidi unaweza kukaa kama changarawe. Kwenye udongo wenye asidi, ioni za hidrojeni huushambulia, huung'oa ule mfungo wa kalsiamu, na fosfeti hutoka taratibu ikaufikia mzizi. Chumvi moja, mashamba mawili, matokeo mawili. Anayeuliza kama Minjingu ni mbolea nzuri anapaswa kuulizwa kwanza pH ya shamba lake.

Kuna jaribio ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya nje ya darasa bila bajeti. Chukua kijiko cha SA, changanya na majivu ya mkaa au chokaa, tia matone machache ya maji, kisha pungia harufu kwa kiganja kuelekea puani, bila kuinamia chombo. Ukali unaopiga hadi machoni ni gesi ya amonia. Alkali imeifukuza kutoka kwenye chumvi yake. Huo ndio uthibitisho wa amonia unaoulizwa kwenye mtihani wa vitendo, na ndiyo sababu ya wataalamu kukataza kuchanganya mbolea za amonia na chokaa au majivu. Nitrojeni iliyonunuliwa kwa fedha inapaa hewani kabla haijaufikia mmea.

Chumvi ya kula yenyewe ina hadithi fupi. Tanzania huipata baharini, kwenye mabwawa ya kuvukizia ya Tanga, Bagamoyo, Lindi na Mtwara, na bara kwenye chemchemi za Uvinza, Kigoma, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Katikati ya miaka ya 1990 nchi iliweka kanuni za kuitia madini joto, kupambana na rovu na madhara ya upungufu wa ayodini kwa watoto walio tumboni. Kinachonyunyizwa ni potasiamu ayodeti, nayo ilichaguliwa kwa sababu ya kikemia: katika joto na unyevu inadumu kuliko ndugu yake potasiamu ayodaidi, ambaye hewa humgeuza kuwa ayodini inayotoroka. Hata hivyo chumvi iliyoachwa wazi juu ya meko yenye mvuke hupoteza sehemu ya thamani yake. Mfuniko wa kopo unahesabika.

Kiu ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi hiyo si ya binadamu peke yake. Nyasi na majani yana potasiamu tele na sodiamu kidogo mno, kwa hiyo tembo na wala nyasi wengine huitafuta kwenye udongo, wakiulamba na kuufukua kwa pembe. Wanyama wa Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, wanaishi kwa hesabu ileile ya ioni.

Juu ya paa mambo ni mengine. Bati jipya hung'aa, kisha baada ya miezi linafifia kuwa la kijivu, na mwenye nyumba hudhani ameuziwa bandia. Kufifia huko ndiko kupona kwake. Zinki iliyopakwa juu ya chuma imekutana na oksijeni, unyevu na kabonidayoksaidi, ikajitengenezea ngozi nyembamba ya zinki kaboneti, chumvi isiyoyeyuka na iliyoshikana vizuri. Kutu ya chuma hubanduka na kuacha chuma kipya kiliwe. Ngozi hii haibanduki. Na msumari ukilikwaruza bati mpaka chuma kionekane, zinki iliyo pembeni huachia elektroni zake kwanza. Zinki hapo ni kama mdhamini kwenye kikundi cha kukopeshana: mkopaji akikwama, yeye ndiye anayelipa, mpaka aishiwe. Saruji mbichi au majivu yenye unyevu yakiachwa juu ya bati hilo huila ngozi yake, maana zinki haivumilii alkali kali.

Kilosa inajua maana ya maji kupita kiasi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukafukuza maelfu ya watu kwenye nyumba zao na kung'oa Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe. Baada ya mafuriko ya namna hiyo kinachoogopwa ni kipindupindu, na kinachotafutwa ni dawa ya maji. Chupa ya WaterGuard ni myeyusho wa sodiamu haipokloraiti, na asili ya haipokloraiti ni maji ya chumvi yaliyopitishiwa umeme. Ndipo elektrolisisi inapoingia.

Kanuni yake haina uchawi. Chovya ncha mbili za kaboni kwenye maji ya chumvi, ziunganishe na betri. Ioni chanya huvutwa kwenye ncha hasi, kathodi, ambako hupewa elektroni. Ioni hasi huenda kwenye anodi, ambako hunyang'anywa. Kwenye kathodi hutoka mapovu ya hidrojeni, kwa sababu sodiamu ni ngumu mno kukubali elektroni mbele ya maji. Kwenye anodi hutoka klorini, ile harufu ya bwawa la kuogelea. Ndani ya maji hubaki sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda. Klorini na kostiki zikiachwa zikutane ndani ya chombo kimoja, huzaa haipokloraiti inayoua vijidudu. Zikitenganishwa, kiwanda kinauza vyote viwili. Kostiki ya kuoshea mabomba ya kinu cha sukari kwa kawaida huzaliwa hivyohivyo.

Mwaka 1807 Humphry Davy wa Uingereza alifanya kile ambacho maji humzuia mwanafunzi asikione. Alichukua potashi ngumu, isiyoyeyushwa majini, yenye unyevu kidogo tu juu yake, akapitisha umeme wa betri kubwa, umeme wenyewe ukaiyeyusha, akapata matone ya metali inayong'aa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Aliiita potasiamu. Potashi ya zama zile ilikuwa ikitolewa kwenye majivu ya kuni, majivu ya aina ileile inayobaki kwenye meko ya kila kijiji cha Kilosa.

Mwishoni mwa 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu. Majengo yalisimama, na katika shule nyingi yalitangulia kemikali kwa mbali. Lakini elektrolisisi ni moja ya mada zinazosamehe umaskini. Betri za tochi zilizokwisha hutoa vijiti vya kaboni. Mrututu hununuliwa kwa bei ndogo kwenye duka la pembejeo. Yeyusha, chovya vijiti, unganisha na betri nzima, na dakika chache baadaye kijiti cha upande hasi kinavaa koti la shaba, jekundu la kahawia, wakati kile kingine kinatoa mapovu ya oksijeni na ubuluu wa maji unafifia. Ufifiaji huo ni ioni za shaba zinazopungua, na unaweza kuhesabiwa. Michael Faraday alionyesha miaka ya 1830 kwamba wingi wa metali inayoganda unafuata wingi wa umeme uliopita. Mkondo wa ampea 2 kwa saa moja ni kulombi 7,200. Gawanya kwa 96,500, gawanya kwa 2 kwa sababu kila ioni ya shaba hudai elektroni mbili, zidisha kwa 63.5, na jibu ni gramu 2.4 hivi za shaba. Mizani nzuri ya maabara italithibitisha.

Mjini Mikumi hesabu hiyo inaendeshwa kila siku na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona ubaoni. Malori ya Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma hupumzika hapa, mengine yakiwa yametoka kuvuka kilomita zipatazo 50 za hifadhi, na betri ni ugonjwa wa kila lori. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushee. Lori hufunga mbili kupata 24. Ndani yake kuna bamba la risasi, bamba la risasi dayoksaidi na asidi ya salfuriki. Taa zikiwashwa, mabamba yote mawili huigeuza asidi kuwa chumvi, salfeti ya risasi, inayobaki imeganda juu yao, na majini panazidi kuwa maji matupu. Ukiichaji, umeme wa nje unalazimisha mambo yarudi nyuma: salfeti inavunjwa, asidi inarudi majini. Betri inayochajiwa ni elektrolisisi iliyofungwa kwenye plastiki.

Fundi huipima kwa haidromita. Anafyonza maji ya chumba kimoja, anatazama boya linapoelea. Likisoma karibu na 1.27, betri imejaa. Likizama hadi 1.12 hivi, imeisha, kwa kuwa asidi yake yote iko kwenye mabamba. Hapo ndipo kuna ujanja wa mitaani. Betri iliyokaa miezi bila chaji, chumvi yake imekomaa kuwa fuwele kubwa, ngumu, ambazo chaja haizivunji tena. Muuzaji asiye mwaminifu huongeza asidi mpya. Boya linapanda, mteja anaona 1.27, analipa, na baada ya siku mbili gari haliwaki. Kipimo kilisema kweli kuhusu maji, mabamba hakikuyasemea. Fundi anayejua kazi huongeza maji safi ya betri peke yake, kwa kuwa kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji, yaliyopasuliwa kuwa hidrojeni na oksijeni kwa uwiano wa mbili kwa moja. Ndiyo gesi inayolipuka mtu akiwasha sigara juu ya betri iliyo wazi.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ni chumvi pia, za risasi na za shaba, zilizozaliwa na mvuke wa asidi. Magadi yaliyoyeyushwa huifokesha asidi iliyobaki na kuulegeza unga huo. Grisi huuzuia usirudi.

Betri ikifa kabisa, wakusanyaji wa vyuma chakavu huinunua kwa kilo. Wengine huipasua palepale na kumwaga maji yake chini. Chokaa ikinyunyizwa juu ya asidi hiyo huizima na kuacha jipsamu, ambayo haina shida. Risasi haizimwi hivyo. Inabaki vumbini, kwenye mikono na nguo, na inapoyeyushwa kwenye moto wa wazi inapanda na moshi. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri, ulilipia somo hilo: watoto walikutwa na risasi kwenye damu, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uamuzi huo ulitenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, aliwahi kufanya kazi ndani ya kiwanda chenyewe, na mwanawe alikuwa miongoni mwa waliougua.

Nchini Tanzania betri chakavu ni taka hatarishi, na ukusanyaji wake unahitaji kibali kinachosimamiwa na mamlaka ya mazingira ya taifa. Kwa gereji ya kando ya barabara, hilo maana yake ni betri kukaa nzima, imesimama wima, vifuniko vimefungwa, mbali na kisima na mahali watoto wanapochezea, mpaka gari la mwenye kibali lipite.